Habari za Kichupa Kidogo na Askari wa Damu

Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za kichupa tulichoonyeshwa huko Dar es Salaam, urefu wake kama kidole cha mwisho cha mtoto. Tulikuwa tumekwenda mjini kwa kazi ya shule, tukaonana na mtu tuliyesoma naye zamani, ambaye sasa afanya kazi katika maabara. Akatuvika koti jeupe, akatuingiza ndani, akafungua sanduku lenye baridi kali kupita barafu, akatoa kichupa na kukiinua mbele ya dirisha. Tukatazama, tusione kitu. Akacheka, akasema, "Tazama chini kabisa, Mwalimu." Ndipo tulipoona ukungu mweupe umeganda katika kitako cha kichupa, kama pumzi ya mtu juu ya kioo.

Karatasi iliyobandikwa juu yake ilikuwa na maneno ya Kiingereza, na maana yake ni hii: protini ya binadamu, CD4, iliyoungwa upya, ni ya uchunguzi tu, si ya kutibu watu. Uzito wake mikrogramu 50. Yaani ukitwaa gramu moja ya kitu ukaigawa mafungu 20,000, fungu moja ndilo hilo. Punje moja ya sukari yalizidi mara nyingi. Tukauliza bei, tukaambiwa fedha ambazo hapa kwetu zingenunua mbuzi watatu au wanne, wala si mbuzi wakondefu.

Labda mmoja wenu atasema, Mwalimu huyu leo ametupeleka mbali, mambo ya maabara yatuhusu nini sisi wakulima wa mihogo na mikorosho? Lakini jina hilo CD4 si geni kwenu. Ndilo lile ambalo watu wa Kisarawe na Kibaha wamezoea kuliita "sidi-fo." Ni nani kati yetu asiyepata kumsikia jirani akinong'ona, "Sidi-fo zangu zimeshuka"? Sisi wenyewe tuna deni juu ya neno hilo, deni la miaka mingi. Basi tulipoliona limeandikwa juu ya kichupa, mkono ulitutetemeka, tukamrudishia rafiki yetu kitu chake kisije kikaanguka.

Kwanza tueleze ni kitu gani. Katika damu ya mtu mna chembe nyekundu zinazochukua hewa, na chembe nyeupe ambazo ni askari wa mwili. Baadhi ya hizo nyeupe huitwa seli za T, kwa kuwa hukomaa katika tezi iliyo kifuani nyuma ya mfupa, iitwayo thaimasi. Nazo seli za T zina vyeo vyao. Wako wauaji, na wako wale ambao hawaui bali hutoa amri, wakiwaamsha wengine na kuwaonyesha adui. Hao watoa amri, juu ya ngozi yao, wamechomoza protini nyembamba yenye mafundo manne kama mafundo ya muwa, na mkia wake umepenya ngozi ya seli hata ndani. Hiyo ndiyo CD4. Kazi yake ni ya kupokea: seli nyingine ikimletea mtoa amri kipande cha mdudu iliyemkamata, CD4 humshika mletaji mkono, asitikisike, mpaka habari isomwe yote. Kwa hiyo wataalamu huiita kipokezi.

Ubaya ni kwamba kirusi cha UKIMWI kimeujua mkono huo. Hukijongelea kile kipokezi, hukamata fundo la kwanza, lile la nje kabisa, kisha hujivuta na kuingia ndani ya yule yule mtoa amri. Jeshi halipigwi kwanza katika safu zake. Hupigwa katika mwenye kutoa amri. Baadaye hata vijidudu vinyonge, ambavyo mtu mzima huvivuta puani kila siku asidhurike, huweza kumwua.

Sasa deni letu. Mwaka 2009 tulikuwa tumemaliza kidato cha sita, tukingoja kuitwa chuo cha ualimu, na mama yetu mdogo, aliyekuwa akikaa katika kijiji kimoja upande wa Maneromango, alikuwa amepimwa na kukutwa na virusi. Mume wake alikuwa amekwisha kufa. Kwa sababu alitaka watu wa kwao wasijue, hakupimwa karibu, akaomba tumpeleke upande wa Kibaha. Tukapita njia ya Mzenga hata Mlandizi, katika gari lililojaa magunia ya mkaa, kisha tukashika barabara ya Morogoro. Damu yake ikachukuliwa. Baada ya siku kadhaa tulirudi peke yetu kufuata majibu, naye alitusubiri nyumbani.

Majibu yalikuwa 268. Muuguzi aliyetupa karatasi alisema kwamba siku zile dawa walianzishiwa wale walio chini ya 200, au waliokwisha kushikwa na maradhi makubwa; mama huyu bado, na arudi baada ya miezi sita kupimwa tena. Alisema wazi. Kosa si lake. Sisi ndio tuliokuwa na cheti cha kidato cha sita mfukoni, tukajiona twajua hesabu. Njiani tulifikiri: mpaka ni 200, yeye ana 268, basi amevuka. Tulipofika tukamwambia, "Mama, askari wako ni 268, ni jeshi zima, huhitaji dawa." Hatukujua ya kuwa mtu mwenye afya huwa nao kama 500 hata 1,500 katika tone dogo kabisa, yaani sehemu moja ya milioni ya lita, wala hatukuuliza. Mama alipiga vigelegele, akachinja kuku. Tulikula kuku yule, wasomaji, na paja tulipewa sisi.

Miezi sita ilipokwisha sisi tulikuwa chuoni. Hatukumkumbusha. Naye angerudi kupimwa nini, aliyeambiwa na msomi wa ukoo kwamba ni mzima? Alikwenda shambani kama kawaida. Wakati wa masika ya mwaka 2011 akaanza kuumwa kichwa, si kichwa cha siku moja bali cha majuma, shingo ikakakamaa, na alipotazama taa aliona taa mbili. Vijana wakampakia katika pikipiki, mmoja mbele na mmoja nyuma wa kumshika. Hospitalini akatolewa maji ya uti wa mgongo, yakaonekana yana kuvu, ile ikaayo katika udongo na mavi ya njiwa. Ilikuwa imeingia katika utando wa ubongo. Hesabu ya sidi-fo ilikuwa 41.

Hakufa, twamshukuru Mungu. Alinyweshwa dawa za kuvu muda mrefu, kisha akaanzishiwa zile za kupunguza virusi, akapata nguvu, akarudi kulima. Lakini macho hayakurudi kama yalivyokuwa. Hata leo amwona mtu kama kivuli mpaka aseme, na kitabu chake cha nyimbo amekiweka kwa heshima tu, kwa kuwa nyimbo zote anazijua kwa moyo.

Tumeandika haya kwa aibu, lakini huyo mama mwenyewe ametupa ruhusa. Alisema, "Yaandike. Wasomi wengine nao wajifunze kunyamaza." Basi tumeyaandika.

Sasa turudi kwenye kichupa. Tulipotoka Dar es Salaam tulipitia kwake, tukamsimulia: Mama, leo tumeona ile sidi-fo yenyewe, imetengenezwa, imo katika chupa. Alikaa kimya kidogo akichambua mchicha kwa vidole. Kisha akauliza, "Mwanangu, kama wanaweza kuitengeneza, mbona yangu ilipokwisha hawakunitilia hiyo?"

Swali hilo tulilichukua mpaka Kibaha, tukalitafuta katika vitabu, na tuliyoyaona yalitustaajabisha. Ndilo swali waliloliuliza wataalamu wakubwa wa Marekani miaka mingi iliyopita. Mama asiyepata kuingia maabara, akichambua mchicha, alifika walikofika wao.

Habari zenyewe ndizo hizi. Ugonjwa huu uliandikwa kwanza Marekani mwaka 1981, na hapa Tanzania wagonjwa wa kwanza walitambuliwa katika mkoa wa Kagera mwaka 1983. Mwaka huo huo wataalamu wa Paris walikipata kirusi chenyewe. Mwaka 1984 wachunguzi wa London na wa Paris, kila upande kwa njia yake, walionyesha kwamba mlango wa kirusi ni CD4. Mwaka uliofuata, huko New York, uzi wa urithi wenye maagizo ya kuijenga protini hiyo ukatolewa na kunakiliwa. Na kufikia mwaka 1987 na 1988 watu wakaweza kutengeneza CD4 iliyokatwa mkia, isiyoshikamana na seli yoyote, iogeleayo peke yake katika maji.

Shauri lao lilikuwa zuri sana. Walisema: kirusi hutafuta mkono wa kushika, basi tuijaze damu mikono ya uongo. Kirusi kitashika hiyo, na mlango wake ukiwa umekwisha kushikwa hakiwezi kushika tena ule wa kweli. Ni kama mvuvi awekaye chambo. Katika vyombo vya maabara shauri hilo lilifanikiwa. Virusi vilitulia na seli zilipona. Magazeti yakaandika kwa furaha, na wagonjwa wakatiwa dawa hiyo katika damu.

Haikufaa. Hiyo CD4 ya kuogelea ilipotea katika damu upesi, lakini hilo lilikuwa jambo dogo. Kubwa ni kwamba virusi vilivyojaribiwa kwanza vilikuwa vya kufugwa, vilivyolelewa maabara miaka kadhaa hata vikawa kama kuku wa bandani. Virusi vilivyotolewa katika damu ya wagonjwa wenyewe vilikuwa vya porini. Mwaka 1990 ilionekana kwamba kuvizuia hivyo vya porini kwataka dawa hiyo mara 200, na vingine hata zaidi ya mara 2,000, kuliko vile vya kufugwa. Hakuna mwili wa kutiwa kiasi hicho. Shauri likaachwa. Tena mwaka 1996 ikagunduliwa ya kuwa CD4 si mlango peke yake. Nyuma yake mna mlango wa pili ambao kirusi lazima kiufungue kabla hakijaingia.

Tulipomweleza mama haya, alisema tu, "Basi hata wao walikula kuku mapema." Nasi hatukuwa na la kujibu.

Pamoja na hayo hatupendi mdhani kazi ile yote ilipotea. Tangu mwaka 2018 Marekani ina dawa ya sindano inayojishikiza juu ya CD4 yenyewe na kukizuia kirusi kisipite, na tangu mwaka 2020 ina nyingine, ya vidonge, inayokishika kirusi pale pale penye kulabu yake ya kukamatia. Zote mbili ni za wagonjwa ambao dawa nyingine zimeshindwa kuwasaidia. Ili kutafuta dawa za namna hiyo, na kusawazisha vipimo, wataalamu wahitaji kuwa na CD4 safi mkononi, bila mtu na bila damu. Ndiyo sababu ya vichupa kama kile tulichokiona.

Tulipoyasimulia haya baada ya ibada, chini ya mwembe, mzee mmoja wa kanisa alitaka kujua imetengenezwaje, maana alidhani hukamuliwa katika damu za watu. Tulimjibu hapana. Fundi hutwaa ule uzi wa maagizo ya binadamu, sehemu ya CD4 tu, akaukata sehemu ya mkia, akauunga na uzi mwingine, kisha akautia ndani ya seli za mnyama mdogo wa Uchina wa jamii ya panya. Seli hizo zilitolewa katika mfuko wa mayai wa mnyama huyo mwaka 1957, na uzao wake unakua katika maabara mpaka leo. Hizo seli husoma maagizo, zisijue ni ya nani, zikajenga protini ya mtu na kuitoa nje katika maji zinamolelewa. Mara nyingi fundi huongeza mwishoni mwa protini kijimkia cha kunasia, kinachoshikana na madini ya nikeli; maji yakipitishwa juu ya nikeli, protini hunasa na takataka zapita, kama mashua iliyofungwa kamba wakati wa maji kupwa. Kisha hukaushwa kwa baridi, ikawa ule ukungu mweupe.

Walio karibu na Kibaha twaweza kuwapa mfano wa matangi. Pale Kibaha kiko kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba, ambacho hulea bakteria katika matangi makubwa kwa chakula na joto la kipimo, ili watolewe kuua viluwiluwi vya mbu madimbwini. Bakteria hao ni wa asili, hawakuungwa chochote. Lakini kazi ya kulea vitu vidogo katika tangi, kuvipa hewa na kuvilinda visiingiliwe na wageni, ni ile ile.

Yule mzee hakuridhika. Alikunja uso, akatukumbusha amri ya kitabu cha Walawi juu ya kupanda shamba mbegu za namna mbili, akasema, "Mtu na panya! Mwalimu, hapo hamjapita mpaka?" Ni swali la haki, wala hatukumcheka. Tulimwuliza kwanza habari za mjukuu wake, kama amechanjwa. Akasema amechanjwa zote. Basi tukamwambia kwamba katika ile sindano ya mtoto ikingayo magonjwa matano kwa pamoja, sehemu ya homa ya ini imetengenezwa kwa njia hiyo hiyo: uzi wa kirusi umeungwa ndani ya hamira, na hamira ikajenga ngozi ya kirusi pasipo kirusi chenyewe. Hali kadhalika insulini ya wenye kisukari, ambayo tangu mwaka 1982 yatengenezwa na vijidudu vilivyotiwa maagizo ya binadamu; kabla ya hapo ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mzee alitikisa kichwa akasema, "Kumbe tumekwisha kuingia zamani." Akanyamaza. Kwa maoni yetu, mpaka upo, nao ni wa kujua unamfanyia nani kazi na kwa ruhusa ya nani. Lakini seli ya panya ikajenga protini ya mtu hageuki mtu, kama vile mwashi wa Kizaramo akijenga nyumba ya Mhindi hageuki Mhindi.

Msomaji mmoja aweza kuuliza juu ya ule mpaka wa 200 uliotupoteza. Haupo tena. Dawa za bure zilipoanza Tanzania mwaka 2004 zilikuwa chache, zikatolewa kwanza kwa walio taabani. Mwaka 2012 mpaka ukapandishwa hata 350, baadaye 500. Mwaka 2015 uchunguzi wa watu 4,685 katika nchi 35 ulionyesha kwamba aanzaye dawa mapema, hesabu yake ingali juu ya 500, hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kuugua vibaya au kufa. Na tangu mwishoni mwa mwaka 2016 kila akutwaye na virusi hapa nchini apasiwa kuanza dawa, hesabu yake iwe yoyote. Sidi-fo bado hupimwa kwa wanaoanza, ili ajulikane aliye hatarini kushikwa na kuvu ile na kifua kikuu. Bali maendeleo ya dawa hupimwa kwa wingi wa virusi katika damu. Mtu mwenye 268 leo hangerudishwa nyumbani mikono mitupu, wala hangehitaji kijana wa kidato cha sita amfasirie.

Mama yetu mdogo hunywa kidonge kimoja kila jioni, baada ya sala. Virusi katika damu yake ni vichache hata mashine haivioni, na tulipomweleza maana ya maneno hayo safari hii tulikwenda polepole sana. Tulimwambia havionekani, lakini vipo, vimejificha, akiacha dawa vitarudi. Alitutaka tuyarudie. Tukarudia. Kisha yeye akatusomesha sisi, neno kwa neno, kuona kama tumesema sawasawa.

Mwisho wa mwezi uliopita tulipokwenda kumtazama alitupa kadi yake tumsomee siku ya kurudi kliniki. Tuliisoma mara mbili, tukaichukua mpaka mlangoni penye mwanga, tukaisoma tena. Kisha tukatwaa kipande cha mkaa jikoni, tukaiandika tarehe hiyo katika ukuta ulio karibu na kitanda chake, kwa tarakimu kubwa kama kiganja cha mkono, akazifuata kwa kidole.